Mstari wa Kumi na Saba Haung'olewi

Saa moja asubuhi, umande haujakauka. Regina, ambaye wenzake humwita Mama Filemoni, amesimama mbele ya ngano na hataki mtu apite.

Ni Mei 1976, katika shamba la majaribio nje ya mji wa Mbeya. Aina arobaini za ngano zimepandwa hapa, kila aina mstari wake, na kutu, ukungu unaotoa vumbi jekundu kwenye majani, imeingia. Amri ni kwamba mstari wenye madoa ung'olewe, uchomwe moto. Leo ni zamu ya mstari wa kumi na sita na wa kumi na saba.

“Mama, umeolewa na huo mstari wa kumi na saba?” anatania Asukile, kibarua mwenzake, jembe begani.

“Nimeolewa, na talaka sitaki. Subiri Bwana Shamba aje.”

Asukile anasubiri. Anamtandikia hata gunia akae.

Regina, mzaliwa wa Kilolo, amepalilia hapa miaka sita. Hadubini hajawahi kuchungulia, ila kutu anaijua. Kwao ilikula ngano misimu miwili mfululizo, watoto wakashindia maboga.

Gideoni, Bwana Shamba, anafika. Regina anafungua kitambaa chake cheupe cha kichwani, anapangusa jani la mstari wa kumi na sita. Kitambaa kinapata vumbi jekundu. Anageuza upande safi, anapangusa jani la mstari wa kumi na saba, lenye vidoa vya kahawia. Kitambaa kinabaki cheupe.

Gideoni anakimbia na jani ofisini, akalitazame kwa hadubini. Anarudi mbio zaidi, shati limechomoka.

“Si ugonjwa, mama. Mmea unajitetea. Ukungu ukigusa seli, yaani chembe hai ya jani, chembe hiyo inajiua, na ukungu unakosa pa kula. Chembe za jirani zinapona.”

Jinsi chembe inavyopata habari kwamba adui amefika, anasema, wataalamu bado wanatafuta. Wapo wanaoitazama kalsiamu, madini yaliyomo hata kwenye chokaa; wengine, oksijeni kali inayozuka ghafla ndani ya jani.

“Kwa hiyo vidoa hivi ni makaburi ya askari?”

“Ndiyo. Na mimi nilikuja kung'oa jeshi lililoshinda. Nisamehe, mama.” Anayasema hayo mbele ya vibarua wote, na Regina anamshika mkono.

Mavuno ni Agosti. Gideoni ameahidi kumpa konzi moja ya mbegu akaijaribu Kilolo.

“Nitaipanda nyuma ya nyumba, nifukuze ndege mwenyewe,” anasema Regina, macho yakicheka. “Ikikubali, kila jirani atapata. Nataka wajukuu wangu wakue, waniulize kutu ni kitu gani.”