Gia ya Kupandia Mlima

Fundi wa baiskeli wa hapa Khayega hupenda kuchokoza wateja. Akizungusha gurudumu huinamisha kichwa asikie, vidole vimejaa grisi, halafu huuliza, "Wewe, hii baiskeli unaiendesha ama mnapigana?" Watu hucheka, naye hucheka kuwapita.

Nilimpelekea baiskeli aliyoanguka nayo mume wangu, Mungu amlaze pema, ili binti yetu Mideva aende nayo shule. Fundi alinyoosha mkono wa gia uliopinda kule nyuma, akafunga cheni mpya. Bado cheni iliruka, lakini kwenye gia moja tu. Nikangoja utani wake. Akapitisha kidole polepole kwenye meno ya gia ile, yamelika yakachongoka kama ya msumeno.

"Mama, hii si ajali. Mzee alipandanga mlima na hii tu?"

"Hiyo tu. Alisema zingine ni za vijana."

"Basi ameimaliza. Cheni mpya haiwezi kuishika. Lazima niitoe."

Nikakubali, mtoto asije akaanguka pia. Vyuma vikuukuu yeye huvirusha kwenye debe bila kuangalia. Hiki alikiosha kwa mafuta ya taa, akakipangusa na shati lake, akaniwekea mkononi kwa mikono miwili.