Nafasi Mbili Tupu

Juzi nilifungua kompyuta ya gemu ya mwanangu, nikaona nafasi mbili za RAM, vile vijiti vya kumbukumbu, ziko tupu.

Nilipokuwa mdogo, kwetu Majengo kulinukia vumbi la mtama, maana baba aliuza nafaka. Alasiri moja kaka Daudi alileta kompyuta ya gemu aliyoiunga mwenyewe kwa vipuri vya bei nafuu. Nilichungulia ndani, nikaona nafasi mbili kama hizi ziko tupu, nikakimbilia kwa baba.

"Baba, kaka kauziwa boksi nusu tupu."

Kwa baba, gunia lisilojaa lilikuwa wizi. Alibeba jiwe la mizani, lile la kilo tano.

"Nimeziacha makusudi, baba," kaka alisema. "Nitaongeza baadaye."

"Kila anayepunjwa huambiwa hivyo."

Jiwe lilishuka juu ya kompyuta, bati likabonyea. Kaka aliweka mkono kuzuia, na jiwe halikusimama. Nilisikia vidole vikivunjika kama mabua makavu. Mimi nilisimama mlangoni nikiamini baba anaadhibu boksi lililotuibia.

Leo kaka anaunga kompyuta mtaani Kizota kwa vidole vitatu vya mkono ule. Hii ya mwanangu kaiunga yeye. Kando ya nafasi zile alikuwa amebandika kikaratasi: "Mdogo wangu, hizi nimeziacha makusudi."