Nilichagua chaja sahihi, sasa naambiwa nipeleke mbuzi

Admin, nifichie jina. Leo ni Jumapili ya kwanza ya Agosti, na nikihesabu vizuri nimemaliza miaka ishirini na tisa nje ya Dodoma. Nina umri wa miaka sabini na mbili, ni fundi redio mstaafu, naishi Njombe, na baridi yake sijaizoea mpaka leo. Wengi mnaosoma ukurasa huu ni rika la wajukuu zangu, kwa hiyo nitaeleza taratibu.

Zilikuwa zile siku maduka yalipoanza kujaa tena. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni, ghafla tukaona dirishani magari ya kuchezea yanayoendeshwa kwa rimoti. Shemeji yangu, mume wa dada yangu wa pekee, alikuwa dereva wa lori. Akarudi na mawili kutoka Dar es Salaam. Tulikuwa watu wazima wenye ndevu, lakini kila Jumamosi alasiri tuliyashindanisha pale Ipagala, kwenye sakafu ya ghala la ushirika lililobaki tupu. Makarani walikuja na tai zao kushangilia. Sijacheka tena kama nilivyocheka mle.

Betri za magari yale ziliisha haraka, na chaja iliyokuja nayo ilichukua siku nzima kuzijaza. Tukaenda dukani kutafuta nyingine. Zilikuwepo mbili. Ya kwanza unachomeka ukutani na inajaza kwa nusu saa, lakini haijui kuacha. Ukiisahau, inaipika betri. Ya pili haikuwa na plagi, ila nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi. Yenyewe huipima betri na kujizima ikijaa. Nikaichukua hiyo. Shemeji alicheka mpaka akashika meza ya muuzaji.

"Shemeji, fundi mzima unanunua chaja isiyo na plagi! Utaichomeka wapi, kwenye mizabibu ya Makutupora?"

"Nitaichomeka kwenye pawa saplai," nikamwambia. "Na hiyo naichagua mimi."

Pawa saplai ni kile kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa volti kumi na mbili zilizotulia, kama za betri ya gari. Nilisoma kwanza chaja inavuta ampea ngapi, nikachukua kisanduku kinachotoa zaidi ya hapo, ili kisichemke. Nikaweka sharti moja: betri zitachajiwa kwenye karakana yangu tu, nikiwa naziona.

Jumamosi moja nilimshinda shemeji mbele ya wakwe zake. Jumatatu akapita karakana nikiwa nimetoka, akaichukua chaja na betri, kisanduku akakiacha. Nyumbani kwake Miyuji alikuwa na mashine ya kuchajia betri za lori, nayo imeandikwa volti kumi na mbili vilevile. Dereva akisoma kumi na mbili, kwake yatosha. Lakini umeme wa mashine ile haujatulia; unapanda na kushuka, na kwa betri ya lori hauna neno. Kwa chaja yetu ulikuwa sumu. Ile sehemu ya kujizima ikaungua, betri zikaendelea kujazwa hadi zikawaka. Chumba kikateketea, na mama yetu, aliyekuwa akiishi kwao, akaungua mkono wa kulia akiokoa sanduku lake la nguo.

Nilifika moshi ukiwa bado unatoka. Niliviona vibanio vya mashine ya lori vimeuma zile nyaya mbili. Shemeji akanitazama, akavibandua, akavitia kwenye lori.

Kikao cha familia kilikaa Jumapili iliyofuata. Nikasema nilichokiona. Shemeji akasema, "Mimi nilitumia betri ya gari, kama alivyonifundisha mwenyewe. Chaja yake ndiyo mbovu." Dada akasimama upande wa mumewe. Baba mdogo, ndiye aliyekuwa mwenyekiti, akanigeukia.

"Chaja ni yako?"

"Ni yangu."

"Uliichagua wewe?"

"Niliichagua mimi, na niliichagua vizuri."

"Mwanangu, hapa hatujengi redio. Kubali tu yaishe. Leta mbuzi, omba radhi, tule, yaishe."

Wanangu, mnaijua hiyo kubali yaishe. Wengi wenu mmeshabeba makosa ya watu ili chakula kiliwe. Mimi nilikataa. Nikaambiwa nina kiburi cha vitabu, na kwamba nisikanyage nyumba ya dada mpaka mbuzi afike. Mwezi ule ule nikafunga karakana nikaondoka. Mama alipofariki, barua ilinifikia wakiwa wameshazika.

Mwaka jana shemeji alinipigia simu kutoka kitandani. Sauti ilikuwa imebaki nusu. "Shemeji, ilikuwa mashine ya lori. Dada yako usimwambie." Sikumwahidi kitu. Wiki mbili baadaye nikapata habari za msiba wake.

Sasa dada amenipigia. "Kaka, tumebaki wawili. Wazee wa ukoo wamekusamehe. Njoo na mbuzi mmoja, sema samahani, yaishe." Alikuwa analia. Nilimuuliza anaendeleaje na miguu yake inayomsumbua, nikakata simu kwa adabu.

Kusamehewa kwa kosa nisilolifanya sikutaki, na mbuzi simpeleki. Nikimpeleka, nitakuwa nimesema kwamba mkono wa mama uliunguzwa na mimi. Kisanduku changu bado kiko mezani hapa, kinatoa volti zile zile.

Ninachowauliza ni hiki kimoja. Dada ana miaka sitini na nane, na kumbukumbu ya mume mwema ndiyo aliyobaki nayo. Nimwambie ukweli, anijue kaka yake kabla hatujafa? Au nimwachie mume wake, mimi nibaki mkosaji? Mkisema nimwambie, nitamwambia kwa simu. Mkisema ninyamaze, nitanyamaza, nimezoea.

Ila msinishauri safari. Dodoma sirudi.