Popo wa Darini kwa Mama

Nyumba ya mama iko Nyansiongo, katika shamba lililokuwa la mzungu kabla baba hajapata sehemu yake. Ina dari la mbao, na darini waliishi popo. Tulikua tukiwasikia wakitoka jioni, wala hakuna aliyewasumbua, kwa sababu mama alifaidika nao. Kabla ya mvua za masika alipanda ngazi, akafagia mavi yao makavu, akayatia guniani na kuyapeleka kwenye bustani yake ya chinsaga. Hiyo ni mboga chungu ambayo kwetu mwanamke aliyejifungua hupikiwa apate damu na maziwa. Chinsaga ya mama ilisifika, na wanawake wa kanisa letu walitoka mbali kuifuata. Naye aliposhuka darini alikuwa amejaa vumbi hadi kwenye nyusi, akipiga chafya na kujicheka.

Halafu ikaja korona. Mama aliugua, akalazwa, akapona, ila kifua hakikurudi kama zamani. Aliambukizwa na watu, kama sisi wengine. Lakini redio ilikuwa imesema kwamba asili ya ugonjwa huenda ni popo, na kijiji kizima kilijua ni nyumba gani inayotoa popo jioni.

Hawakumtukana. Matusi ningeyaweza, maana mimi huuza mitumba katika soko la Daraja Mbili na mdomo wangu hauna breki. Waliacha tu kuingia. Wale wanawake waliokuwa wakija kwa maombi kila Jumatano walianza kusimama uani, wakaomba haraka haraka, na chai ilipoletwa wakasema wameshiba. Kwetu hakuna anayeshiba chai. Hata barakoa zilipotupwa na watu wakarudi kukumbatiana kwenye mazishi, nyumba ya mama iliendelea kuzungukwa kwa mbali. Nikamkuta siku moja ameweka sufuria ndogo kabisa mekoni, ya chai ya kikombe kimoja. Nilikasirika na dunia nzima.

Kaka yangu mkubwa, ambaye ana ofisi mjini Kisii na hupenda mambo yaishe kabla ya chakula cha mchana, alifika Jumapili moja na buti mpya na mti mrefu wa mwanzi. Alipanga kubomoa mbao za dari, awapige popo wote, awachome nyuma ya nyumba, na majirani waone moshi. Mama angesimama chini apokee mbao. Mimi nilikuwa tayari na ufagio, tena nikiona amechelewa.

Bahati yetu, daktari wa mifugo alikuwa zizini akimdunga sindano ng'ombe wa mama. Ni mwanamke wa Taita, kwa hiyo naye tunaongea Kiswahili. Alipomwona kaka amepanda ngazi, aliuliza kinachoendelea, kisha akasema kwa upole, "Kaka, shuka kwanza. Unataka kufanya kitu kile kile unachokiogopa."

Kaka alikunja uso, lakini alishuka.

"Hii popo imekaa na mimi miaka mingi," mama akasema. "Mbona haijaniua?"

Daktari aliangalia miche ya avokado ambayo mama alikuwa ameipandikizia vijiti vya aina bora kando ya nyumba. "Mama, ukikata kijiti cha mwembe ukakifunga kwenye mche wa avokado, kitashika?"

"Haiwezi. Itakauka tu."

"Basi virusi vingi vya popo vikimwingia mtu huwa hivyo. Havishiki, vinakauka. Hata sijui kama hawa wako wanavyo. Shida ni vikipata nafasi nyingi za kujaribu. Vinaingia kwa mnyama mwingine, vinakutana na vya huko, vinabadilishana vipande, na siku moja kinatoka kimoja ambacho kwa mtu kinashika. Kuna korona iliyotufikia kupitia ngamia. Hii ya juzi, wataalamu bado wanabishana ilipita wapi."

Mama alijipangusa nyusi kwa kiganja. Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa ya chini, "Na ile vumbi nilikuwa nameza?"

"Hiyo ndiyo nafasi, mama. Vumbi la mavi, mkojo, mate, kuwashika kwa mikono. Mkibomoa leo, vumbi lote litamshukia mwenye kifua kibovu. Na popo atakayeanguka akiwa hajafa huenda akawauma."

Nilimtazama mama, nikaona jinsi tulivyokuwa karibu kumwangushia dari lile usoni kwa mapenzi yetu. Niliuegemeza ufagio ukutani, nikakaa kwenye ngazi. Kaka aliulaza ule mwanzi kwenye nyasi. Namshukuru hadi leo, kwa maana mtu mwenye cheo kurudi nyuma mbele ya dada yake si jambo dogo, nami siku hiyo sikumtania.

Tulifanya kama daktari alivyotuelekeza. Tulisubiri watoto wa popo wakue waweze kuruka. Kisha, jioni moja walipotoka wote, fundi aliziba matundu kwa wavu. Mavi yalinyunyiziwa maji ya dawa kabla ya kuguswa, yakatolewa na watu waliofunika pua na mikono, yakazikwa mbali na bustani. Mama alihamia kwangu siku hizo, akalalamika kuhusu godoro langu, kuhusu wateja wangu, kuhusu chumvi. Nilifurahi kusikia kila lalamiko.

Lakini nyumba isiyo na popo bado si nyumba yenye wageni. Hapo ndipo daktari alipotusaidia mara ya pili. Kila zizi aliloingia alisimulia habari ya kijiti cha mwembe, na kwamba mama aliugua kutoka kwa watu kama walivyougua wao. Hakuna aliyemtuma.

Jumatano moja nilikuwapo waliporudi. Jirani yetu wa karibu alitangulia, akasita mlangoni, akaingia, na wengine wakafuata bila kutazamana. Mama alikuwa ameandaa chupa za chai na maneno yangu yalikuwa yamejaa mdomoni. Nilikusudia kuyamwaga wakishakaa. Mama akawahi kuomba. Alimshukuru Mungu kwa pumzi, kwa daktari, kwa kaka. Halafu akasema, "Na ninakushukuru kwa hawa dada zangu walioogopa. Waliogopa kwa sababu wana watoto wanaowapenda. Uwalinde hao watoto."

Yule jirani alikuwa amefumba macho, machozi yakimshuka, na kabla sijainua chupa alikuwa tayari amenyoosha kikombe.