Tone Moja, Jicho Moja

Wiki iliyopita nilipita mbele ya duka la pembejeo pale Babati, nikasikia vifaranga wakilia ndani ya boksi lenye matundu, nikasimama kama mtu aliyeitwa jina. Halafu ikaja na harufu, ile ya pumba zilizolowa na manyoya machanga yenye joto. Ukiishi na harufu hiyo utotoni haikutoki puani hata ukihamia nyumba ya vigae. Mwenye duka aliniuliza nataka wangapi. Nilimwambia sitaki hata mmoja, nasikiliza tu, akanitazama kwa huruma na kuendelea na wateja wake.

Basi nisikilize nawe, nikusimulie jinsi nilivyomchanja bibi yangu chanjo ya kuku.

Tulikaa Daudi, kule Mbulu, upande wa juu ambako ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na wazee wengi waliendelea kusema wanakaa mkoa wa Arusha, kwa mazoea tu. Baba alikuwa machimboni Mererani akitafuta mawe ya bahati. Mama alikuwa shambani karibu kila siku. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nikitoka shule nilikuwa na mambo mawili ya kuangalia: vifaranga wangu kumi na mmoja, na macho ya bibi.

Bibi tulimwita Aama, ndivyo Wairaqw tunavyomwita bibi. Jicho lake la kushoto lilishapotea kabla sijazaliwa, limekuwa jeupe lote. La kulia lilikuwa bado linaona, ila lilikuwa na vikope. Kope zake ziligeuka zikaelekea ndani, na kila alipopepesa zilikwaruza jicho. Kwa hiyo alitokwa na machozi kutwa nzima, na inzi walimpenda kuliko mtu yeyote pale nyumbani. Kazi yangu ilikuwa kuzing'oa kope hizo kwa kibano kidogo cha chuma. Nilimlaza kichwa mapajani pangu, nikamgeuza kwenye mwanga, nikang'oa moja moja huku nimebana pumzi. Aliniambia nina mkono mwepesi, nami nilivimba kichwa kwa sifa hiyo. Baada ya wiki mbili tatu zilikuwa zimeota tena, na nisikufiche, nilifurahi, maana nilipata tena kazi niliyoiweza. Sikuwahi kujiuliza siku za katikati yeye alikuwa anazipitishaje.

Hata sisi watoto hatukuwa na macho ya kujivunia. Maji yalikuwa mbali, kunawa uso vizuri lilikuwa jambo la Jumapili, na asubuhi nyingi niliamka kope zimegandamana nikazibandua kwa mate. Hatukuyaita hayo magonjwa. Wala kikohozi cha moshi, wala upele, wala tumbo la minyoo. Ugonjwa kwetu ulikuwa ule wa kukulaza chini mpaka majirani waje.

Nilipokuwa shule, Aama ndiye aliyewalinda vifaranga. Alikaa kwenye kigoda chake, mgongo ameuelekeza juani kwa sababu mwanga ulimchoma, fimbo mkononi. Aama asingeweza kumwona mwewe, lakini kuku akibadilisha sauti kidogo tu, alikuwa ameshainua fimbo na kupiga kelele za kumfukuza. Mwaka ule mwewe hakupata kitu kwetu. Mama alikuwa akisema ukitaka kumwibia Aama, sharti uje bila miguu.

Jumamosi moja akaja bwana mifugo. Alikuwa kijana wa Tanga aliyeletwa kwetu kikazi, na baridi ya Mbulu ilikuwa imemshinda kabisa. Alivaa masweta mawili, moja juu ya jingine, na watoto tulimcheka kwa hilo. Zamani, walivyosema wakubwa, dawa za mifugo zilikuwa za serikali. Sasa kila nyumba ilichangia yake, na waliokataa waliachwa. Mama alikuwa amekwisha kuchangia. Bwana mifugo alimwamkia Aama shikamoo, akafungua chupa ya chai ambayo ndani hakukuwa na chai bali barafu, akatoa kichupa kidogo chenye mdomo wa kudondoshea. Akaanza kueleza. Mimi sikuyasikia maelezo. Nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya ghala nikiwavuta vifaranga kwa miguu, na walivyokuwa wanalia, hata ngurumo nisingeisikia.

Nilipotoka na wa kwanza, nilimkuta akimaliza maneno yake: "Tone moja, jicho moja. Basi." Akanionyesha. Akamdondoshea kifaranga tone jichoni, akasubiri apepese, akamwachia. Wa pili nilimdondoshea mimi, akanisifu. Basi kwa kuwa wale wengine walikuwa bado wamejichimbia chini ya ghala, naye alikuwa na nyumba nyingi mbele yake, aliniachia kichupa akasema nikimaliza nimpelekee kwa jirani haraka, kabla dawa haijapata joto. Mama akatoka naye kumwonyesha njia.

Sasa hapa ndipo Kiswahili kiliponiangusha. Nyumbani tuliongea Kiiraqw, Kiswahili tulikisikia shuleni, na kwa Kiswahili changu cha darasa la tatu dawa inayowekwa jichoni ilikuwa dawa ya macho. Dawa ya tumbo ni ya tumbo, dawa ya meno ni ya meno. Nani angenibishia? Nilipomaliza kifaranga wa kumi na moja nilikitikisa kichupa nikaona kuna matone yamebaki. Nikageuka nikamwona Aama kwenye kigoda chake, anajifuta machozi kwa pembe ya kanga.

Nilimwendea nikamwambia nimeleta dawa ya macho. Aliuliza, kwa Kiiraqw, kama yule bwana amesema ni ya macho. Nikajibu ndiyo, bila wasiwasi wowote. Aama akavua kanga kichwani, akainua uso, akaniachia lile jicho lake moja. Tone moja, nikasubiri apepese, kama nilivyofundishwa. Alisema lina ubaridi mzuri.

Nilikimbia kwa jirani na kichupa changu, moyo mweupe kabisa. Nikamkuta jirani anambishia bwana mifugo, anataka kujua hicho kitu kinafanyaje kazi, naye anamweleza kwa subira. Alisema kilichomo ndani ya kichupa ni ugonjwa wenyewe wa mdondo, umepunguzwa makali tu, ili kuku auzoee. Dawa ya moto ni moto, akasema, na jirani akaitikia kwa kichwa.

Mdondo niliujua. Mwaka uliotangulia uliingia nyumbani kwetu ukatuachia jogoo mmoja. Kuku alinyong'onyea, akaharisha kijani, akapinda shingo mpaka kichwa kikatazama nyuma, na hapo ulikuwa umekwisha kumpoteza. Na mimi nilikuwa nimetoka kuuweka ndani ya jicho la bibi yangu, kwa mkono wangu mwepesi.

Sikumwambia mtu. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio kitamuumbua, lakini mimi nilikuwa naficha maradhi ya mtu mwingine, na kwa hilo sikujua methali yake. Nilianza kuchunga shingo ya Aama. Akigeuza kichwa kusikiliza kuku, nilishika roho mkononi. Akisinzia mchana kichwa kikaangukia begani, nilikimbia nikamnyoosha, nikamwekea kanga iliyokunjwa kuzuia. Aliamka akaniuliza nafanya nini, nikasema namtengenezea alale vizuri. Akanibariki, na hilo liliniumiza zaidi. Ile dalili nyingine ya kuharisha kijani sikuthubutu kumfuata chooni kuithibitisha, ila jioni mama alipopika majani ya maboga nilimsihi Aama asile, nikakataa kusema kwa nini.

Siku ya pili jicho lilikuwa jekundu. Siku ya tatu lilivimba likafunga kabisa, na kwa kuwa lile la kushoto halikuwa na faida, Aama alikuwa gizani. Alijaribu kwenda kwenye kigoda chake kama kawaida, akajikwaa kwenye tenga la vifaranga, wakatawanyika uani, naye akabaki amesimama katikati yao ananyoosha mikono, anaogopa kupiga hatua asije akawakanyaga. Sijawahi kumwona mtu mzima amesimama hivyo. Nilimkimbilia mama jikoni nikamwambia, "Mama, nimemchanja Aama mdondo."

Mama hakunipiga. Aliniuliza mara mbili, akaelewa mara ya pili, akachukua kanga yake na mkono wa Aama, tukaenda zahanati, mwendo wa saa nzima. Nilitembea mbele nikiondoa mawe njiani. Niliomba njia nzima. Nilimwambia Mungu achukue vifaranga wote kumi na mmoja, hata kuku mwenyewe, aniachie jicho moja tu.

Nesi alikuwa mama wa makamo kutoka Iringa, mpole mpaka umkosee. Tulimwamkia. Aliuliza jicho limepatwa na nini, na mama akageuka kunitazama mimi. Nilikuwa nimefungua mdomo. Kabla sijatoa neno Aama akasema, kwa Kiswahili chake cha shida, "Ni mimi. Dawa ya kuku. Mimi mwenyewe nimetaka."

Basi nesi akamshukia. Alimwuliza kama mtu mzima na akili zake anaweza kujipaka dawa ya mifugo, na kesho atakunywa ya kuogeshea ng'ombe? Aama aliinamisha kichwa akapokea yote kama mwanafunzi mtukutu. Nami nilijificha nyuma ya sketi ya mama, nikaacha bibi yangu atukanwe kwa kosa langu, na aibu ile naikumbuka mpaka leo.

Nesi alipochoka kugomba alinituma nimwite bwana mifugo, ambaye nyumba yake ilikuwa nyuma ya zahanati. Alikuja mbio, sweta moja tu, mikono ina povu la sabuni. Alimwinamia Aama, akalifungua jicho kwa vidole viwili, akalitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akavuta kiti akakaa.

"Hii hata mimi imeshanirukia jichoni, mara mbili," akasema. "Linavimba, linakuwa jekundu, wiki moja limekwisha. Haliui jicho la mtu."

Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikiuliza, "Na shingo haitapinda?"

Wakubwa wote wanne walinigeukia. Bwana mifugo ndiye aliyeelewa kwanza. Alisema hapana, mwanangu, shingo ya bibi haitapinda, huo ni wa kuku peke yao. Kisha akaanza kucheka, nesi naye akashindwa kujizuia, mama akajifunika uso kwa kanga mabega yakitikisika. Mimi nililia. Nililia pale sakafuni kwa raha, kamasi mpaka kidevuni, kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi kichwani.

Nesi alipomsafisha jicho ndipo alipoigeuza kope akaona kilichokuwa chini yake. Akaacha kucheka. Alisema hii ya kuku si kitu, ila hizi kope zitalimaliza jicho kama zilivyolimaliza lile jingine, na kuna upasuaji mdogo wa kuzigeuza zitazame nje, wanafanya hospitali ya Haydom. Kumbe Aama alishaambiwa zamani akakataa. Aliamini wanalitoa jicho, wanalikosha, wanalirudisha. Safari hii akasema kama amepona ya kuku, atapona na ya watu.

Wiki iliyofuata jicho lilifunguka lenyewe, kama alivyosema bwana mifugo. Mwezi uliofuata mama alimpeleka Haydom kwa basi, wakarudi baada ya siku chache, Aama na bandeji. Ilipoondolewa, alikwenda kwenye kigoda chake, akakigeuza, akakaa ameelekeza uso juani. Hakuona vizuri kama kijana, hilo daktari alishamwambia. Lakini machozi yalikatika. Nilikuwa nimezoea kumwona analowa mashavu, na siku hiyo mashavu yake makavu yalinishangaza. Kiangazi mdondo ulipopita kijijini, ukamwachia yule jirani mbishi, ambaye mwishowe alikataa kuchangia, manyoya matupu, vifaranga wetu walikuwa wameshakuwa kuku na hawakupungua hata mmoja.

Miaka mingi nilikaa na deni la moyo kwa uongo ule Aama aliousema kwa nesi. Nilipomaliza chuo cha ualimu nilirudi nyumbani, tukawa tunachambua maharage, nikaona nimekua vya kutosha kuomba msamaha. Nilimwambia najua alinifichia, alibeba kosa langu mbele za watu.

Aliendelea kuchambua. Akaniuliza nilidhani yule kijana wa masweta mawili alikuwa amesimama wapi siku ile anaeleza habari za kuku na mdondo. Alikuwa amesimama mbele ya kigoda chake.

"Macho ndiyo yalikuwa mabovu," akasema. "Masikio yalikuwa mazima."

Nilimwuliza kwa nini basi aliinua uso. Alisema jicho lilikuwa linamuuma kiasi kwamba angekubali hata ya ng'ombe. Akaongeza kwamba mimi nilikuwa nimekuja na dawa bila kuombwa, na tangu kope zigeuke hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemjia nayo.

Kumbe hakusema uongo kwa nesi. Nami niliyekuwa nikimlaza mapajani kila mara, nikamgeuza kwenye mwanga, nikamwangalia jicho hilo kwa karibu kuliko mtu yeyote, sikujua hata siku moja kwamba lilikuwa linauma.