Kwaheri Iliyosikika Vingine

Siku gari la sinema lilipokuja Migori naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Walitundika shuka jeupe kando ya soko, nasi tukaketi nyasini, mimi Mkuria na Otieno wangu Mjaluo, tuliopendana kwa Kiswahili kwa kuwa hakuna aliyejua vizuri lugha ya mwenzake.

Picha ilihusu msichana aliyempenda kijana mmoja, na bado akautamani udaktari. Iliniuma, maana nilijiona mimi. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea ualimu mbali, naye Otieno alikwisha ezeka nyumba. Baba alinitaka nichague. Mshika mbili, alisema, moja humponyoka.

Basi msichana akapanda treni, na mtafsiri akatamka kwenye kipaza sauti, "Kwaheri, mpenzi." Kina mama wa Karungu, wauza samaki, wakapiga vigelegele. Walikuwa wamesikia "aheri", ambayo kwa Kijaluo ni "nakupenda". Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Mama yake Otieno, aliyeketi mbele yetu, akageuka. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini kilitosha.

"Nyathina, mtoto wangu, unacheka nini? Huyo msichana amesema yote mbili. Kama hapendi, angeenda tu bila kusema."

Woga ukanitoka palepale. Kesho yake nikamwambia baba kwamba nitakwenda kusoma, na nikirudi nitaolewa na Otieno. Alinuna wee, kisha akanifungia sanduku kwa kamba yake mwenyewe.

Gatini Homa Bay, meli ya Kisumu ilipoanza kung'oa nanga, nilipaza sauti mbele ya umati.

"Kwaheri, Otieno."

"Na mimi pia," akajibu.

Watu walidhani amechanganyikiwa. Nilirudi mwalimu, nikamkuta gatini palepale, shati limepigwa pasi, anacheka. Nilishika mbili, mwanangu, na hakuna iliyoniponyoka hadi leo.

Kwa hiyo nakuusia: usiizike ndoto yako ili kumridhisha mtu, wala usimtoroke mtu kwa ajili ya ndoto. Anayekupenda mwambie wazi unakokwenda, kisha usikilize atakujibu nini. Subira huvuta heri, ila subiriana na anayekusikia vizuri. Mungu akufungulie njia ya kwenda na ya kurudi, na siku utakaposema kwaheri, asikosekane wa kukujibu, "Na mimi pia."