Mwaka Ambao Severa Hakwenda Kuhesabiwa

Mji huu una utani wake. Ikifika katikati ya Desemba, maduka ya Kariakoo yakianza kufungwa moja moja na mabasi ya Moshi yakijaa hadi milangoni, watu hucheka na kusema Wachaga wanakwenda kwao kuhesabiwa. Severa alihesabiwa miaka thelathini na moja mfululizo. Hata mwaka aliokuwa na mimba ya miezi minane alikwenda.

Yeye na mumewe Melkiori walikuwa na duka Mtaa wa Narung'ombe: mashuka, foronya, vyandarua, taulo, jumla na rejareja. Mume alihangaika na mizigo ya bandarini, Severa na wateja na mafundi cherehani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuvuka barabara, na hakuna mtu aliyewahi kumwona amekaa akaletewa chakula. Dukani alikula amesimama. Huko Rombo kwa mama mkwe ndiyo usiseme. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Severa alipewa lake siku ya kwanza ya ndoa na hakulitua tena. Kila Krismasi alikuwa jikoni na wake wa shemeji zake, macho mekundu kwa moshi, wakimenya ndizi za mtori, wakicheka na kusengenyana, wanaume wamekaa nje na pombe yao ya mbege. Si kwamba alichukia. Alichoka tu, na kuchoka nako si dhambi.

Mambo yalianzia kwenye mashuka. Kwa miaka kumi na miwili Severa alikuwa akishonesha mashuka meupe ya Nyumba ya Mikarafuu, hoteli ya kizamani huko Unguja, iliyokuwa nyumba ya tajiri mmoja wa karafuu enzi za masultani, imejengwa pale pale ukingoni mwa bahari. Msimamizi wa vyumba alikuwa Badria, na kila alipopiga simu kuagiza alimalizia kwa maneno yale yale.

"Mama Nice, utashona mpaka lini? Njoo siku moja uyalalie."

Mwaka huo akaongeza kwamba sikukuu chumba kimoja kitakuwa wazi, na wao watakipata kwa bei ya wafanyakazi. Severa aliweka simu chini akamgeukia mumewe hapo hapo dukani.

"Baba Nice, mwaka huu twende Unguja. Mimi na wewe. Mara moja tu."

Melkiori alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Na mama?"

"Mama tutamwona Januari."

"Unajua kabisa mbuzi wa mama nachinja mimi."

Alijua. Kwao, mbuzi wa Krismasi huchinjwa na mtoto wa kwanza wa kiume, na kipande cha mama hukatwa kwa mkono wake yeye, siyo wa mwingine. Bibi Aloisia, miaka themanini na tatu, alikuwa akiusubiri mkono huo mwaka mzima. Severa alijua yote hayo, na bado alilia. Alilia katikati ya mashuka, mchana, wateja wakipita, na Melkiori, ambaye hakuwa amemwona mkewe akilia tangu msiba wa baba mkwe, akashindwa.

Ila hakuweza kumwambia mama yake ukweli. Alimpigia simu akasema kontena limekwama bandarini, hawatatoka Dar mpaka mwaka mpya. Severa alikuwa amesimama pembeni yake. Angeweza kumshika mkono, kumwambia mwambie mama ukweli, mwambie mke wako amechoka. Hakusema. Hapo mimi simtetei, na yeye mwenyewe hajitetei.

"Pole, mwanangu," Bibi alisema simuni. "Mungu yupo."

Walifika Unguja tarehe ishirini na tatu. Mlango wa mbao wenye misumari ya shaba, ngazi za mawe zilizolika katikati kwa miguu ya watu wa zamani, kitanda cha nguzo nne kilichohitaji kigoda ili ukipande. Severa alishika pindo la shuka kwa vidole viwili akaitambua kazi ya fundi wake, Shukuru. Alicheka peke yake kama mwehu. Asubuhi alilala mpaka saa tatu, na alipoamka alikuta mtu ameshamwandalia chai.

Jioni ya mkesha wa Krismasi waliketi juu darini, penye meza za chakula, maji yakipiga ukuta chini yao. Mhudumu, Abdulmalik, alimvutia kiti.

"Leo, mama, usinyanyue hata kijiko. Kazi hiyo tuachie sisi."

Vikaja pweza wa nazi, samaki wa kupaka, wali wa viungo, chatne ya embe. Melkiori alikuwa amezima simu yake tangu asubuhi ili asipigiwe na watu wa nyumbani, na kidogo kidogo uso wake ulianza kufunguka. Akamsimulia mkewe jinsi alivyotetemeka siku ya kwenda kumposa, mpaka akamwaga mbege ya baba mkwe. Severa hakuwahi kuisikia habari hiyo. Miaka thelathini na moja, na muda wa kusimuliana hawakuupata.

Ndipo simu ya Severa ikalia. Alikuwa Habib, Mwarabu wa duka la manukato, jirani yao.

"Mama Nice, Krismasi njema! Mbona mzee hapatikani? Mama yenu yuko huku."

"Mama yupi?"

"Bibi! Wa Moshi! Kashuka stendi ya Mbezi, dada mmoja waliyepanda naye basi ndio kamleta mpaka dukani. Ana kikapu cha nyama, huyo! Nikamwambia bibi usihofu, wanao wako Unguja, wanakula raha hotelini. Mke wangu Mauza kampeleka kwenu, si mlituachia ufunguo?"

Habib alisema kwa nia njema kabisa. Nani alimwambia habari za kontena?

Bibi Aloisia hakuwahi kufika Dar maishani mwake. Lakini aliposikia mwanawe amekwama, alisema kama Melkiori hawezi kuja kumkatia nyama, basi nyama itamfuata Melkiori. Akamwamuru mtoto wake mdogo, Rogath, achinje mapema, akapanda basi alfajiri na kikapu mapajani. Wiki ile mabasi ya kushuka huwa matupu. Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikufika hata Krismasi yenyewe.

Melkiori alisimama akauliza boti. Abdulmalik alimwambia ya mwisho iliondoka alasiri, nyingine ni saa moja asubuhi. Akaketi tena. Hapakuwa na pa kwenda, bahari imewazunguka pande zote. Pweza akapoa, wali ukapoa.

"Chakula kina kasoro, mama?" Abdulmalik aliuliza.

"Hakina kasoro, mwanangu."

Severa alitaka kuomba msamaha, lakini mumewe alitangulia, bila hasira, akiitazama sahani. "Nimemdanganya mama yangu kwa ajili ya tumbo." Saa moja asubuhi walipanda boti ya kwanza.

Asubuhi ya Krismasi Kariakoo ilikuwa kimya, milango ya chuma imeshushwa. Walipanda ngazi za nyumba yao wakakuta mlango wazi na harufu ya mtori. Bibi Aloisia alikuwa jikoni kwa Severa, amejifunga khanga ya Severa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni. Poleni na safari."

Aliwakaribisha hivyo, nyumbani kwao wenyewe. Severa aliweka mkoba chini akakimbilia sufuria, na mkono mkavu wa mama mkwe ukamzuia taratibu.

"Kaa, mwanangu. Umechoka."

Melkiori alichukua kisu, akatafuta nyama ya kukata. Nyama ilikuwa kwenye bakuli, vipande vyote, na cha mama kimo.

"Nimeshakata," Bibi alisema. "Mkono wangu bado una nguvu."

Akawapakulia, akawawekea maji ya kunawa, akauliza kama chakula cha Unguja kilikuwa kitamu. Hakuuliza kwa kejeli. Severa alisema kosa ni lake, yeye ndiye aliyetaka, Baba Nice hana hatia.

"Kumbe nimewachosha miaka yote hii," Bibi alijibu. "Mngeniambia tu."

Laiti angemtukana! Tusi mtu hulijibu, hulililia, likaisha. Bibi alikaa siku mbili, hakumruhusu Severa kuosha hata kikombe, kisha akapandishwa basi.

Desemba iliyofuata Rogath alipiga simu. Mama amesema kaka aje, shemeji apumzike. Severa alisema hapana, atakwenda, mizigo ameshafunga. Rogath akasita. "Shemeji, mama amesisitiza. Upumzike." Severa alimtazama mumewe, akingoja aseme mke wangu haachwi. Melkiori aliendelea kukunja mashati yake, akasema labda mwakani.

Siku ya Krismasi, saa sita, Severa alipiga simu Rombo. Rachel, mke wa Rogath, ndiye aliyepokea. Nyuma yake zililia sufuria, mtu akakohoa kwa moshi, wanawake wakaangua kicheko.

"Rachel, nani anamenya ndizi?"

"Tuko wengi, dada, usijali."

"Nipe mama."

Simu ikapita mikononi mwa watu. "Umekula, mwanangu?" Bibi aliuliza.

"Bado, mama. Mama, mwakani nitakuja. Nitakuja mapema, hata tarehe kumi."

Kicheko jikoni kilikuwa kimetulia, kama vile wote wanasikiliza.

"Mwakani pia pumzika, mwanangu," Bibi alisema kwa upole ule ule, akamrudishia Rachel simu.